Sabufa Kwenye Kiti Changu

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinachoweza kumshangaza. Nilikuwa namwambia hivyo kila mtu, na nilikuwa na haki ya kusema. Nilianza na baiskeli moja isiyo na breki, nikishuka na magunia ya muhogo kutoka Kamanyola mpaka Uvira, nikilipa kwenye kila kamba ambayo watu wa bunduki waliifunga njiani. Nimeona jeshi moja likiingia mjini asubuhi na lingine likiingia jioni, na yote mawili yalikuja kwangu kutaka unga. Nimelala siku tatu ndani ya mtaro. Shule niliiacha darasa la nne. Leo nina mashine tatu za kusaga, nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Kasenga, mjini Uvira, na wenye diploma wanakuja kuniomba kazi ya kushona midomo ya magunia. Mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Lakini mchana mmoja nilishangazwa, tena ndani ya nyumba yangu, nikiwa nimeweka magoti na mikono chini kama mtoto wa miezi minane, bila shati. Aliyenishangaza ni mama mzazi wa mke wangu. Miaka imepita na hasira haijaniisha. Nitaeleza ili mjue kama ni haki yangu kukasirika.

Ubavuni mwa nyumba nilikuwa na chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya unga. Kina bati lake, kimeshikana na nyumba kwa mlango mmoja tu unaotoka kwenye koridoo. Unga nilipouhamishia kwenye mashine, nikasema chumba hiki sasa ni cha muziki. Wafanyabiashara wenzangu walikuwa wanashindana kwa makochi na mapazia. Mimi, au minye kama tunavyosema hapa, nilitaka kitu ambacho hawakijui. Nilivuka mpaka kwenda Bujumbura, nikarudi na amplifaya, spika mbili ndefu, na sabufa, lile sanduku kubwa jeusi la besi peke yake, zito kama gunia la chumvi. Nikaweka kiti changu cha ngozi katikati kabisa ya chumba, taa ikiwa juu ya kichwa changu. Jenereta ikawashwa. Nikakaa.

Besi haikuja.

Ngoma nilizisikia kwa mbali kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Gitaa la besi, ambalo ndilo linaloubeba muziki wetu wote, halikuwepo. Nikaongeza nguvu. Mke wangu akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Papa, muziki yako iko inasikilizwa na masufuria," akasema. "Mifuniko yote inacheza. Njoo ukae jikoni utafurahi."

Nilikwenda jikoni. Ni kweli. Besi yangu yote, besi niliyoivusha mpaka kwa pesa yangu, ilikuwa jikoni inachezesha mifuniko. Nilirudi kwenye kiti changu, hakuna kitu. Nikasukuma sabufa mpaka kwenye kona. Sasa besi ikaja, lakini ya kipumbavu, kila noti bum, kila noti bum ile ile, kama mashine ya kusaga iliyofungwa vibaya kwenye simenti. Mimi mashine nazijua. Nikasema aliyeniuzia ni mwizi.

Nilimwita fundi wa redio wa mtaani kwetu, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alizunguka chumba akipiga makofi na kusikiliza makofi yake. Nilitaka kumfukuza.

"Patron, sanduku haina kosa," akasema. "Kosa iko mu chumba."

"Chumba changu kina kosa gani? Hayo matofali nimeyachoma mwenyewe."

"Ndiyo kosa. Matofali magumu, simenti ngumu. Sauti ya chini inapiga ukuta, inarudi, inakutana na ile inayokuja, zinauana. Na zinauana hapa katikati, pale pale umeweka kiti. Sogeza kiti."

"Kiti hakisogei."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni changu."

Akanitazama juu ya miwani. Akainama nyuma ya sabufa akanionyesha vitufe. Cha kwanza ni nguvu, nami nilikuwa nimekizungusha mpaka mwisho kama mshamba. Cha pili kinakata, maana yake kinaamua sauti ipi iende kwenye sabufa na ipi ibaki kwa spika ndefu. Nilikuwa nimekiweka juu sana, ndiyo maana hata sauti ya mwimbaji ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Alikishusha mpaka kwenye namba themanini. Cha tatu ni swichi ndogo inayogeuza pumzi ya sabufa ili isukume pamoja na spika, isivute wakati zenyewe zinasukuma. Hilo nililielewa haraka kuliko yeye alivyolieleza. Watu wawili wanasukuma lori lililokwama, mmoja akivuta, haliendi. Nikamwambia hivyo, akacheka, akasema hajawahi kusikia mtu akilieleza vizuri hivyo. Natumaini alisema kweli.

Na ile ya kona niliitatua mwenyewe, bila fundi. Nilijua kwamba ndani ya stoo iliyojaa magunia ukipiga kelele sauti inakufa. Nikaleta magunia ya pumba kutoka kwenye mashine, nikayapanga kwenye kona zote nne mpaka juu, na ukuta wa upande wa mlima nikaufunika wote. Besi ikaacha kuvimba. Fundi aliporudi alisimama mlangoni kinywa wazi. Darasa la nne hilo.

Lakini kwenye kiti bado palikuwa na tundu.

"Basi, kama kiti hakisogei, sabufa ndiyo itasogea," fundi akasema. "Iko njia moja tu, na haukosei. Chukua sabufa, iweke juu ya kiti, pale weye unakaa. Uipigishe CD hii. Halafu weye tambaa chini, sikio karibu na simenti, uzunguke ukuta wote. Pale utasikia besi nzuri, ndipo pa kuweka sabufa. Ukikaa kwenye kiti, utaisikia vile vile."

"Nitambae?"

"Kwa magoti, patron."

"Wewe unaniona mimi ni mtu wa kutambaa?"

"Basi tafuta mwingine atambae, lakini atasikia na masikio yake, siyo yako."

Nilimlipa akaenda. CD akaniachia. Ilikuwa na ngoma moja tu, nzito, inapiga, inanyamaza, inapiga.

Sasa lazima niseme habari ya mama mkwe, maana bila hiyo hamtaona kosa liko wapi. Yeye alikuwa na ng'ombe zake juu Rurambo. Vita ilipopanda mlimani, walizichukua mchana, akiwa amesimama anaangalia, na nyumba wakaichoma. Alishuka kwa miguu na kitenge alichovaa na kisu cha jikoni. Wana wake wa kiume wawili wako, mmoja Kamanyola, mmoja hapa hapa mjini. Kila mmoja alisema nyumba yake ni ndogo. Nani alimpokea? Minye. Na minye ndiye mtu ambaye hakupaswa kukaa naye chini ya dari moja.

Kwetu mukwe na mama mkwe hawatazamani. Hawashikani mkono, hawali mahali pamoja, hawaitani. Ukimwona njiani unaingia kichakani, yeye anageuka upande mwingine. Ndiyo heshima, na mimi heshima naijua. Kwa hiyo nyumba yetu iliendeshwa kwa kikohozi. Nikitaka kupita koridoo, nakohoa mara mbili, nasikia ndara zake zikikimbia, rido, lile pazia la mlango wake, inashuka. Akitaka kwenda uani, anakohoa yeye, nasimama pale pale nilipo hata kama nina sabuni usoni. Miezi mitano hivyo. Sikuwahi kuona zaidi ya pindo la kitenge chake. Akiwa na neno, analipitisha kwa mke wangu: "Mwambie mukwe wangu jenereta inavuja mafuta." Na kweli ilikuwa inavuja. Mwanamke wa akili, sikatai.

Siku hiyo mke wangu alikwenda sokoni, na watoto wetu walikuwa shuleni. Joto lilikuwa la kupasua. Nilifunga dirisha, nikarudisha mlango, nikavua shati na suruali, nikabaki na bukta. Nikabeba sabufa peke yangu nikaikalisha kwenye kiti changu. Ilikaa pale kama mgeni wa heshima, taa yake ndogo nyekundu ikiwaka. Nikaweka CD. Ngoma ikapiga. Nikatazama mlango, nikaweka magoti chini.

Sitaki mtu acheke, maana fundi alisema kweli. Kwenye kona, besi ilikuwa nene kama uji. Hatua mbili mbele, ikapotea. Chini ya dirisha ikarudi, lakini imechoka. Nilikuwa natambaa, nasimama, nasikiliza, natambaa. Nilipofika ukuta wa magunia, theluthi moja kutoka kwenye kona, ngoma ilitoka kwenye simenti ikapita mikononi mwangu ikaingia kifuani, safi, kavu, kila pigo na mwanzo wake na mwisho wake. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Nilishusha sikio mpaka chini na nyuma yangu ikapanda juu, nikafumba macho.

Nilichosahau ni kwamba ngoma nzito ikipiga ndani ya chumba kilichofungwa, nje haisikiki kama ngoma. Nje inasikika kama bombe linaloanguka Kavimvira. Dum. Kimya. Dum. Wakati ule watu wote wa Kasenga walijua kuhesabu kati ya moja na lingine. Majirani walikuwa tayari wamekamata magodoro na watoto, wanakimbilia ziwani. Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage. Alijua niko ndani. Alijua mke wangu hayupo. Alikuwa na njia wazi ya kukimbia na wengine.

Sijui kama alikohoa. Kama alikohoa, besi ilikimeza kikohozi.

Nilisikia mlango ukigonga ukuta na sauti ikisema, "Mwanangu." Sikupata hata nafasi ya kugeuka. Aliniona chini, uso kwenye simenti, sisogei, akajua nimepigwa. Alinirukia. Alilala juu ya mgongo wangu mzima, akanifunika kichwa kwa mikono yake miwili yenye vumbi la maharage, akanibana chini kama anavyobanwa ndama. Moyo wake niliusikia kwenye mbavu zangu, unapiga haraka kuliko ngoma. "Usiinuke," akasema kwenye sikio langu. "Usiinuke, mwanangu, bado zinakuja."

Ngoma ikapiga tena. Akazidi kunibana.

Nilinyoosha mkono, nikavuta waya. Kukawa kimya. Aliinua kichwa. Akatazama spika, akatazama magunia, akatazama sanduku lililokaa kwenye kiti na taa yake nyekundu. Halafu akanitazama mimi, usoni, kwa mara ya kwanza tangu nioe binti yake. Aliondoka juu yangu taratibu. Alishika kitenge chake kilichokuwa kimeanguka, akajifunika kichwa, akatoka kinyumenyume.

Mke wangu aliporudi alikuta avenue nzima inarudi kutoka ziwani na magodoro, wengine wanacheka, wengine wananitukana. Jirani mmoja aliyempoteza kuku wake alisimama kwenye mlango wangu akauliza kama nitamlipa. Nikamwambia aende kumuuliza kuku. Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwao. Nimewasagia unga kwa mkopo miaka yote ya vita, nao wanasimama kucheka.

Mke wangu alikwenda chumbani kwa mama yake. Alikaa muda mrefu. Alipotoka hakucheka.

"Mama anafunga mizigo. Kesho kutwa anarudi Rurambo."

"Rurambo kuna nini? Nyumba ilichomwa. Bado wanapigana."

"Anajua."

"Basi mwambie haendi."

"Mwambie weye," akasema. "Si mumeshazoea kuongea."

Nilitaka kumjibu, nikaona macho yake. "Papa," akasema, sasa taratibu, "anasema amemlalia mukwe wake. Anasema hata juu mlimani watu watajua. Anasema afadhali bombe la kweli. Na akienda, minye siwezi kumwacha apande peke yake. Unanisikia?"

Nilimsikia.

Kesho yake wakaja wana wa kiume wawili, wale wenye nyumba ndogo. Mkubwa alitoka Kamanyola na koti, kwenye joto lile. Niliwakaribisha kwenye chumba cha muziki maana ndicho kikubwa. Mama yao alikaa koridoo, nyuma ya rido, na mke wangu karibu yake. Shemeji mkubwa alikunywa bia yangu ya kwanza mpaka chini kabla hajafungua kinywa.

"Shemeji, jambo ni kubwa. Tumeongea, tumeona ng'ombe moja."

"Ng'ombe? Nani alimwangukia mwenzake?"

"Weye ulimwonesha mama yetu matako."

"Nilivaa bukta."

"Bukta gani? Ile ya kuchezea mpira?" akauliza, na mdogo wake akamwaga bia kwa kucheka.

Hapo niliinuka. Sijui kama nimewahi kukasirika vile, hata kwenye kamba za njiani, maana pale ukikasirika unakufa. Niliwauliza ng'ombe za mama yao zilipochukuliwa wao walikuwa wapi. Niliwaambia kwamba miezi mitano nimekohoa ndani ya nyumba yangu mpaka koo limekuwa la mzee, na wao hawakuleta hata kilo ya chumvi. Sasa wanakuja na koti kudai ng'ombe, ili ikae wapi, kwenye nyumba ndogo? Mkubwa alitazama chupa yake. Mdogo aliacha kucheka.

Nyuma ya rido sauti ikasema, taratibu: "Mwana, mwambie mukwe wangu minye sitaki ng'ombe. Nimeona mwisho ya ng'ombe. Mbuzi ya desturi ichinjwe, inatosha. Lakini mwambie siwezi kulala tena mu nyumba yake. Hakuna kikohozi cha kufuta ile kitu."

Hakuna aliyeniletea maneno hayo. Sote tulikuwa tumeyasikia.

Nilikaa kwenye kiti changu. Mbele yangu ukuta wa upande wa mlima, magunia ya pumba kutoka chini mpaka juu. Nilikuwa nimeyapanga kwa ajili ya besi. Nikayatazama vizuri, nikaona ni chumba gani hiki. Katika Kasenga yote hapakuwa na chumba kingine ambacho kipande cha bombe kingepata shida hivyo kuingia. Kina bati lake. Kina ukuta wake. Kinashikwa na nyumba kwa mlango mmoja tu.

"Shemeji," nikasema, "mwambie mama yako kwamba mlango ule wa koridoo nitauziba kwa matofali. Nitatoboa mwingine kwenye uani, na kufuli lake, na ufunguo mmoja tu. Hapo haitakuwa nyumba yangu. Itakuwa nyumba yake, na minye ni jirani."

Nyuma ya rido sauti ikauliza: "Na ile sanduku?"

"Inatoka," nikasema. Neno hilo lilinitoka kama jino.

Mke wangu ananiambia mama yake alifikiri kidogo, akitazama chini. Mimi nilisikia tu kikohozi nyuma ya rido. Mara mbili. Nikakaa pale pale nilipo mpaka ndara zake zikapita.

Mwashi alifanya kazi siku tatu. Mbuzi ilichinjwa, vitenge viwili vilinunuliwa, na shemeji wa koti alikula kuliko wote. Sabufa niliipeleka kwenye mashine, nikaifunika kwa gunia, na vumbi la unga limeingia mpaka ndani ya koo lake. Mahali pale nilipoisikia besi, theluthi moja kutoka kwenye kona, ndipo mama mkwe alipoweka kichwa cha kitanda chake. Mimi peke yangu najua analala wapi.

Mabombe ya kweli yalikuja mwezi uliofuata, asubuhi, tukinywa chai. Mke wangu aliingia na watoto kwa bibi yao, kwenye magunia. Mimi sikuweza kuingia, mnajua sababu. Nililala koridoo, mgongo kwenye matofali mapya ya mlango niliouziba. Kila lilipoanguka moja, nilisikia upande wa pili anakohoa. Nilikohoa nami. Tulikohoa mpaka saa nne. Gunia moja la pumba lilipasuka, mtu hakuumia hata mmoja.

Na bado nina hasira. Namkasirikia fundi ambaye hakunikumbusha kufunga mlango kwa ufunguo, nawakasirikia mashemeji, nawakasirikia waliotufundisha kukimbia ngoma. Sabufa siihesabu, bado ninayo. Mbuzi, vitenge, bia, mwashi, matofali, mlango, kufuli na ufunguo wake mmoja: dola mia moja themanini na nne, na franka elfu mbili mia tano za pikipiki iliyomrudisha shemeji na koti lake.